Kikombe cha Mtoto Kabla ya Mtungi wa Maziwa: Somo la Protini



Somo letu la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni somo la chakula cha nyumbani, hasa kile chakula cha kujenga mwili kiitwacho protini. Huenda mtu akauliza, "Je, hayo si mambo ya daktari? Karani wa afisi ya kilimo ana shauri gani juu ya sahani yangu?" Jibu langu ni kwamba protini hailimwi hospitalini. Yatoka shambani mwako: katika maziwa, mayai, maharagwe, kunde na nyama. Nayo mara nyingi hupita mlangoni mwako ikienda sokoni, huku watoto wakiitazama tu.

Kwanza nitawaeleza jambo lililotokea mbele ya meza yangu, ingawa mimi mwenyewe halinipi sifa.

Siku moja alikuja afisini mkulima mmoja wa skimu yetu. Jina lake sitalitaja. Ni mtu wa bidii sana. Ng'ombe wake wawili wa gredi walikuwa wakitoa lita 18 kwa siku, asubuhi na jioni, na maziwa yote aliyapeleka kwenye chama cha ushirika. Alinionyesha stakabadhi zake moja moja, nami nikampongeza. Alikuwa amefuatana na mke wake na mtoto wao wa miaka 2. Mtoto yule alikuwa na mashavu ya mviringo na miguu minene. Nami, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, nikasema, "Bwana, naona hata mtoto amenenepa kama ndama wako!"

Palikuwapo mama mmoja muuguzi aliyekuja kwa shughuli zake. Yeye hakucheka. Aliinama, akabonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, akahesabu polepole mpaka tatu. Alipoondoa kidole, kishimo kilibaki pale pale. Kisha akazishika nywele za mtoto. Zilikuwa chache, zimepauka na kugeuka rangi ya hudhurungi, na alipozivuta kidogo zilitoka bila mtoto kulia.

"Bwana Karani," akasema, "huu si unene. Haya ni maji. Mtoto huyu ni mgonjwa sana, naye hapaswi kulala nyumbani leo." Akamgeukia mama wa mtoto, akamwuliza, "Mama, huyu anakula nini?"

"Uji wa mahindi, Sista. Asubuhi, mchana na jioni. Aliacha ziwa nilipochukua mimba hii."

"Na maziwa ya ng'ombe?"

Baba ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: "Maziwa ni ya kulipa deni, Sista."

Kabla ya kuingia afisini nilisomea ualimu, na dalili zile zote nilifundishwa chuoni. Nilizijua kitabuni, katika mguu wa mtoto sikuzitambua. Ndiyo sababu naandika somo hili, ili wewe usichelewe kama nilivyochelewa mimi.

KAZI YA PROTINI MWILINI

Tukila chakula, mwili hukitumia kwa kazi tatu. Kuna vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, viazi, muhogo, sukari na mafuta. Kuna vyakula vya kulinda mwili, kama mboga za majani na matunda. Tena kuna vyakula vya kujenga mwili, navyo ndivyo vyenye protini nyingi.

Nyama ya mwili wako ni protini. Ngozi, nywele, kucha na damu vyote vina protini ndani yake. Hata askari wa mwili wanaopigana na magonjwa, na vile vitu vinavyoyeyusha chakula tumboni, vimetengenezwa kwa protini. Mtu mzima aihitaji kila siku kwa kutengeneza sehemu za mwili zilizochakaa, kama vile mwenye nyumba azibavyo ukuta uliopasuka. Lakini mtoto hatengenezi nyumba ya zamani. Yeye ndiyo kwanza anajenga. Vilevile mama mwenye mimba anajenga mtu mwingine ndani yake, na mama anyonyeshaye anatoa protini katika maziwa yake kila siku. Basi hao watatu ndio wenye kuihitaji zaidi, kwa kadiri ya miili yao, kuliko baba mwenye nguvu zake.

Jambo moja lisisahauliwe. Chakula cha kutia nguvu kikikosekana, mwili huichoma protini kama kuni. Huyo ni kama mtu anayevunja milango ya nyumba yake ili apate moto wa kuchemsha chai. Kwa hiyo usidhani kwamba ugali ni adui. Mtoto ataka ushibe wa ugali na ujenzi wa maharagwe, vyote viwili pamoja.

Tena, mwili hauna ghala la protini. Mtu akila nyama kilo nzima siku ya sikukuu, mwili huchukua unachohitaji. Ziada hutumika kama chakula cha nguvu au hugeuka mafuta, na taka yake hutoka kwa mkojo. Afadhali kidogo kila siku kuliko nyingi mara moja kwa mwezi.

MTOTO NI KAMA SHINA LA MAHINDI

Ninyi wakulima mnaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wa mjini. Mahindi yakikosa mbolea ya nitrojeni mwaona nini? Majani hugeuka manjano, na yale ya chini ndiyo ya kwanza, kwa sababu mmea huondoa nitrojeni katika majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga. Shina hubaki jembamba, na gunzi huwa dogo.

Basi nitrojeni hiyo hiyo ndiyo iliyomo ndani ya protini. Ugali na mafuta vyaweza kumtia mtu nguvu, lakini bila nitrojeni hapana nyama ya mwili. Na mwili hufanya kama mmea: ukiikosa protini katika chakula, huinyang'anya misuli ya mikono na miguu ili moyo na sehemu nyingine kubwa zisisimame. Nywele hupauka, kimo husimama. Mkulima akiyaona mahindi ya manjano huenda mbio kutafuta mbolea. Je, akiziona nywele za mtoto zimepauka?

Tena mwajua kwamba maharagwe, kunde na mbaazi huutajirisha udongo. Katika mizizi yao mna vifundo vidogo, na ndani ya vifundo hivyo mna vijidudu vinavyoivuta nitrojeni kutoka hewani. Kwa sababu hiyo nafaka za jamii ya kunde zina protini nyingi kuliko mahindi. Mmea uliolisha udongo wako waweza kumlisha na mtoto wako.

MAHINDI PEKE YAKE HAYATOSHI

Huenda mtu akasema, "Lakini hata mahindi yana protini." Ni kweli. Gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu 8 hivi za protini. Shida ni mbili.

Shida ya kwanza ni ubora. Protini zote zimejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Ziko aina 20, na 9 kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima zije na chakula. Mahindi yana upungufu wa aina mbili katika hizo 9, nazo ni lisini na triptofani. Mfikirie fundi wa milango mwenye mbao za milango 10, lakini ana bawaba za milango 3 tu. Atamaliza milango mingapi? Mitatu. Mbao nyingine zitalala bure. Hivyo ndivyo mwili ulivyo kwa mtu anayekula mahindi matupu.

Sasa tazama maharagwe. Maharagwe yana lisini tele, na upungufu wake uko katika aina nyingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Kimoja chaleta bawaba, kingine chaleta mbao. Kwa hiyo githeri ya mahindi na maharagwe ni chakula cha akili, na wazee wetu waliipika kabla wataalamu hawajajua neno lisini. Vipimo viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe hupatana vizuri. Maziwa, mayai, nyama na samaki vina aina zote 9 kwa wingi. Hata kidogo tu kikiongezwa katika chakula cha mahindi hukirekebisha.

Shida ya pili ni tumbo la mtoto. Mtu mzima anayekula gramu 400 za unga kwa siku apata gramu 32 za protini. Lakini mtoto wa miaka 2 ana tumbo dogo. Bakuli moja la uji mwepesi lina unga wa gramu 30 hivi, na lililobaki ni maji. Mabakuli matatu kwa siku humpa protini gramu 7 tu, nayo ni ya ubora mdogo. Mtoto wa miaka 1 hadi 3 ahitaji gramu 13 hivi. Basi yule mtoto wa afisini alikuwa akinywa uji mpaka tumbo linajaa, na huku mwili wake una njaa.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEONDOLEWA ZIWANI

Ugonjwa ule unaitwa kwashakoo, na wengine huuita unyafuzi. Jina la kwashakoo lilitoka kwa Waga wa Accra, nchi ya Ghana ya leo. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliwaona huko watoto wengi waliovimba miguu, na mwaka 1933 akaandika kwamba ugonjwa wao waambatana na chakula cha mahindi matupu. Mwaka 1935 akalitangaza lile jina ambalo akina mama wenyewe walilitumia. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Yaani akina mama wale walikuwa wamekwisha kutambua chanzo: mtoto anaondolewa ziwani kumpisha mwingine, na mahali pa maziwa ya mama pawekwa uji mtupu.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kwashakoo ni upungufu wa protini peke yake. Siku hizi wataalamu wanajua kwamba mambo ni mengi pamoja: chakula kibaya cha aina moja, kuharisha, surua na magonjwa mengine, na upungufu wa vitamini na madini. Lakini hilo halipunguzi neno letu. Mtoto anayekula vyakula mbalimbali, vyenye vile vya kujenga mwili, ana ngao ambayo mtoto wa uji mtupu hana.

Wala si kwashakoo tu. Wengi zaidi ni watoto ambao hawavimbi wala hawalazwi, bali wanadumaa: kimo chao hubaki nyuma ya umri wao. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2014, watoto 26 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 18 katika kila 100. Hayo ni maendeleo mema. Lakini 18 katika 100 ni karibu mtoto mmoja katika kila watano, na wengi wao wamo katika nyumba za wakulima.

PROTINI INAPATIKANA WAPI?

Kata orodha hii uibandike ukutani jikoni. Hesabu ni za kukadiria, kwa kuwa vyakula hutofautiana kidogo.

Kikombe kimoja cha maziwa (robo lita): gramu 8
Yai moja: gramu 6
Nyama mbichi bila mfupa, gramu 100: gramu 20
Samaki mbichi bila miba, gramu 100: gramu 18
Omena wakavu, gramu 100: zaidi ya gramu 50
Soya kavu, gramu 100: gramu 36
Njugu karanga, gramu 100: gramu 25
Kunde au ndengu kavu, gramu 100: gramu 23
Maharagwe makavu, gramu 100: gramu 22
Mbaazi kavu, gramu 100: gramu 21
Unga wa mahindi, gramu 100: gramu 8
Viazi, gramu 100: gramu 2
Muhogo mbichi au ndizi za kupika, gramu 100: gramu 1 na kidogo

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 ahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Mama anyonyeshaye, katika miezi 6 ya kwanza, ahitaji gramu 19 zaidi ya hizo. Mama mwenye mimba ahitaji nyongeza pia, hasa katika miezi 3 ya mwisho.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kikombe kimoja cha maziwa ni gramu 8, na yai moja ni gramu 6. Jumla ni 14. Mtoto wa miaka 2 alihitaji 13. Kikombe kimoja na yai moja! Kwa lita 18 za ng'ombe wawili, kikombe kimoja ni sehemu moja katika 72.

Na asiye na ng'ombe asikate tamaa. Kiganja cha maharagwe yaliyopondwa, kijiko cha njugu zilizosagwa katika uji, au omena waliotwangwa na kutiwa katika mboga, vyote ni vyakula vya kujenga mwili. Mwaonaje kwamba omena, ambao wengine huwadharau, wanashinda nyama kwa uzito? Ni kwa sababu maji yao yamekwisha kukaushwa.

WATOTO WA SHULE ZA EMBU

Kati ya mwaka 1998 na 2000 wataalamu walifanya jaribio katika shule 12 za msingi huko Embu. Katika shule nyingine watoto walipewa githeri tupu iliyoongezwa mafuta. Katika nyingine walipewa githeri pamoja na maziwa, na katika nyingine githeri pamoja na nyama. Katika kundi la nne watoto hawakupewa chakula shuleni. Chakula cha makundi yale matatu kilipimwa ili nguvu yake iwe sawasawa.

Ikaonekana kwamba watoto waliokula githeri yenye nyama waliongeza misuli ya mikono, walicheza kwa bidii zaidi, na walifanya vizuri katika mitihani ya akili kuliko wenzao. Waliopewa maziwa pia walionyesha faida, hasa wale wadogo waliokuwa wafupi, kwa kuwa waliongeza kimo. Wataalamu walieleza kwamba si protini tu. Nyama na maziwa vina vitamini ya B12, na nyama ina madini ya chuma na zinki. Lakini kwa mzazi funzo ni moja: kipande kidogo cha nyama katika sahani ya mtoto huonekana baadaye katika daftari lake la hesabu.

USIUZE YOTE

Wazee wa skimu watakumbuka. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, waliopima mashamba hawakukata vipande ovyo. Walihesabu mambo matatu kwa kila shamba: jamaa ipate chakula chake, mkopo ulipwe, na fedha zibaki za matumizi mengine. Angalia vizuri kwamba chakula cha jamaa kilikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Mtu anayeuza maziwa yote ili alipe deni hafuati mpango wa shamba lake, ameuvunja.

Simwambii mtu asiuze. Maziwa, mayai na maharagwe ndiyo fedha zetu, ndiyo karo na dawa. Nasema hivi: fungu la nyumbani litoke kwanza, ndipo lile la soko lipimwe. Mabaki yakipelekwa nyumbani, mara nyingi hakuna mabaki.

Kwa mfano, jamaa ya watu 6 ikila maharagwe makavu gramu 300 kwa siku, yaani gramu 50 kwa kila mtu, kwa mwaka mzima itakula kilo 110 hivi. Hiyo ni gunia moja la kilo 90 na karibu robo ya gunia jingine. Basi siku ya kuvuna, weka kiasi hicho kando kabla ya mnunuzi kufika. Yaanike vizuri mpaka yakauke, uyahifadhi mahali pasipo unyevu wala fukusi. Usile wala usimpe mtoto njugu au mahindi yaliyoota ukungu, maana yana sumu. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya.

Katika sehemu nyingine palikuwa na desturi ya kuwakataza wanawake au watoto kula mayai au kuku. Na nyumbani kwingi nyama hutengwa kwa baba kwanza, na watoto hupewa mchuzi. Nawaheshimu wazee, lakini hesabu yakataa. Mchuzi una protini kidogo sana. Protini imebaki katika nyama. Tena tone la maziwa katika chai si kikombe cha maziwa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Kisha aongezewe vyakula vingine, naye aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

2. Uji wa mtoto usiwe mwepesi kama maji. Uwe mzito wa kuchotwa kwa kijiko, nao utiwe maziwa yaliyochemshwa, au njugu zilizosagwa laini.

3. Maziwa ni lazima yachemke kabla ya kunywewa. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya maziwa.

4. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe sana mpaka yawe laini. Hivyo kuni hupungua, na ile sumu iliyomo katika maharagwe mabichi huisha. Mtoto mdogo apondewe.

5. Panda nafaka za jamii ya kunde zinazofaa mahali pako: maharagwe na minji penye baridi na mvua; njahi, kunde, ndengu na mbaazi penye ukame. Majani ya kunde nayo ni mboga nzuri.

6. Fuga kuku wachache wa nyumbani, na mayai yao usiyahesabu yote kuwa ya soko. Penye nafasi ndogo, sungura au mbuzi wa maziwa hufaa.

7. Mtoto wa miaka 2 awe na sahani yake mwenyewe. Akila pamoja na wakubwa, mkono wake hufika nyama ikiwa imekwisha.

MTOTO AKIISHA KUUGUA

Mtoto akivimba miguu yote miwili, usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumlisha nyama na maziwa mengi. Mwili wake umedhoofika, na chakula kingi kwa ghafula chaweza kumdhuru. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huko hupewa kwanza maziwa ya dawa, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Akipata nguvu ndipo chakula huongezwa.

Kwa watoto waliokonda, wahudumu wa afya vijijini wana utepe wenye rangi tatu wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani hatari. Mwombe mhudumu wa kijiji chako ampime mtoto wako. Lakini kumbuka kwamba mtoto aliyevimba ni mgonjwa hata kama utepe haukuonyesha nyekundu.

Jirani zetu wa Uganda walifanya jambo la busara katika miaka ya 1960. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, walifungua mahali paitwapo Mwanamugimu. Mama alikaa na mtoto wake mgonjwa, akafundishwa kuchanganya ndizi, maharagwe, njugu au samaki, vyakula vya shamba lake mwenyewe, akaona kwa macho yake mtoto akipona. Aliporudi kwake alikuwa na dawa ambayo haiishi.

Yule mtoto wa afisini naye alipona. Alikaa hospitali majuma kadhaa. Kwanza uvimbe uliisha, na hapo ndipo tulipoona jinsi alivyokuwa amekonda chini ya yale maji. Baadaye akaanza kula, kisha akaanza kucheza. Baba yake alipokuja tena afisini, alinieleza kwamba amepigilia msumari mahali pa kukamulia, naye ametundika hapo kikombe cha bati. Kila asubuhi kikombe hujazwa kwanza, hupelekwa jikoni kuchemshwa, ndipo mtungi unapobebwa barabarani. Nilimwuliza kama deni limemshinda kwa sababu ya kikombe hicho.

"Bwana Karani," akanijibu, "gari la maziwa halijawahi kuniuliza habari zake."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni watu gani watatu katika jamaa wanaohitaji protini zaidi kwa kadiri ya miili yao? Kwa nini?
2. Kwa nini githeri ni bora kuliko mahindi matupu?
3. Mtoto wako alikula nini jana? Tumia orodha iliyo juu uhesabu gramu zake za protini. Je, zilifika 13?
4. Utajuaje kwamba mtoto amevimba wala hakunenepa? Utafanya nini siku hiyo?
5. Katika mavuno yajayo, utaweka maharagwe kilo ngapi kwa ajili ya nyumbani?

Swali la tatu lijibiwe na baba na mama pamoja, jioni, kabla ya taa kuzimwa. Likiwa gumu kulijibu, basi kesho asubuhi tafuteni msumari na kikombe.